Bwana Msa alifika Kongowe kabla ya umeme

Leo naomba siasa zipumzike. Mwishoni mwa juma nilikwenda nyumbani Kongowe. Kabla hujasema lolote, si Kongowe ya kule Mbagala, kila nikitaja kwetu lazima atokee mtu wa kuniambia "aa, njia ya kwenda Mkuranga, si ndiyo?" Siyo. Kongowe yangu iko Kibaha, barabara ya Morogoro, ukishaipita Maili Moja na kabla hujafika Mlandizi.

Nikamkuta binti wa kaka yangu, yuko darasa la nne, amekaa barazani kichwa kimezama kwenye kitabu. Moyo ukanifurahi. Nikamchungulia begani: maswali ya kujipima, chagua herufi ya jibu sahihi. Nikamuuliza, "Na hadithi unasoma zipi?" Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa swali ambalo halimo kwenye mtihani. "Shangazi, si zile za kwenye kitabu cha Kiswahili?" Tukazihesabu pamoja. Zilikuwa tatu.

Basi nikarudi mjini na swali. Mimi nilipokuwa na umri kama wake nilikuwa nasoma nini? Na vitabu vile vilifikaje Kongowe, kwenye nyumba ambayo haikuwa hata na umeme? Nimefuatilia kwa siku kadhaa, na nilichokikuta kimenishangaza kidogo: karibu vitabu vyote vilivyonilea havikuandikwa kwa ajili yangu. Vingine vililetwa na ofisi za kikoloni, vingine vilikuwa vya watu wazima na sikutakiwa hata kuvigusa. Twende taratibu.

Babu yangu mzaa baba alikuwa Mzaramo wa upande wa Kisarawe, akahamia Kongowe kijana. Alikuwa karani wa chama cha ushirika, anapima korosho za watu na kuandika kwenye daftari, mpaka serikali ilipovunja vyama vya ushirika mwaka 1976 na yeye akarudi kwenye jembe. Alichotoka nacho kwenye ukarani ni mwandiko mzuri na sanduku la bati lenye vitabu. Mwaka 2003, nikiwa darasa la tano, macho yake yalikuwa yameshaingia mtoto wa jicho, hasomi hata kichwa cha gazeti. Ndipo akaniajiri. "Mke wangu," aliniita hivyo kama mababu wa kwetu wanavyowaita wajukuu wa kike, "njoo unisomee."

Kazi ilianza baada ya chakula cha usiku, kwa mwanga wa kandili, na mshahara wangu ulikuwa korosho. Nikikosea neno ananirekebisha bila kukiona kitabu. Nikiruka mstari kwa uvivu, ananirudisha. Alikuwa amevisoma mara nyingi kiasi kwamba mimi nilikuwa redio tu ya kumkumbusha.

Cha kwanza kilikuwa Mashimo ya Mfalme Sulemani. Wazee wengi wa Tanzania ukiwatajia jina hilo macho yanawaka, na wengi wanaamini kabisa kwamba ni hadithi yetu. Ni ya Mwingereza, Rider Haggard, aliyeitoa kwao mwaka 1885. Kufika kwake kwenye Kiswahili ni kisa chenyewe. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Waingereza waliichukua Tanganyika, wakakuta Wajerumani wameshazoea kutumia Kiswahili mashuleni na maofisini. Wakaamua kuendelea nacho, ila kisanifishwe. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ukachagua Kiunguja kiwe msingi, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki, katibu wake wa kwanza akiwa Frederick Johnson.

Sasa ukishakuwa na lugha sanifu unataka vitabu vya kuisomea, maana mtoto huwezi kumpa kamusi akalale nayo. Johnson alishaanza kuishika kalamu mwenyewe. Mwaka 1929 zikatoka kwa Kiswahili Mashimo ya Mfalme Sulemani na Kisiwa chenye Hazina, kile cha Stevenson. Akishirikiana na E. W. Brenn akatoa pia hadithi za Alfu Lela Ulela. Fikiria jambo hili: mtu mmoja mwenye meza ya ofisi ndiye aliyechagua vizazi vya watoto wa Tanganyika wapende nini. Na alichagua vizuri, tusimdhulumu. Kiswahili chake kinatembea. Ushahidi uko mitaani: ukimwita bibi wa watu "gagula" leo utatafutiwa fimbo, lakini wangapi wanajua kwamba Gagula ni yule kizee mchawi wa kwenye kitabu cha Haggard? Katoka kitabuni akahamia uswahilini na hajaondoka.

Lakini lazima niseme ukweli wangu. Nilipokirudia kitabu hiki nikiwa mtu mzima kilinikera. Wazungu watatu wanavuka jangwa kwenda kuchukua almasi kwenye nchi ya Waafrika, wanasaidia kumweka mfalme mpya njiani, halafu wanaondoka na mifuko imejaa. Na mimi mtoto wa Kongowe, na watoto wenzangu niliokuwa nawasimulia kesho yake chini ya mwembe, sote tulikuwa upande wa Wazungu! Tulikuwa tunaomba wasikamatwe. Nilipomuuliza Babu almasi zile zilikuwa za nani hasa, alifikiri kidogo akasema, "Za mwandishi." Mpaka leo sijui kama lilikuwa jibu au alitaka niendelee kusoma.

Kuna kingine cha enzi hizo ambacho hakikuwamo sandukuni, nimekijua ukubwani, nacho ni Elisi katika Nchi ya Ajabu, yaani Alice wa Lewis Carroll, kilichotafsiriwa na Conan-Davies na kuchapwa London mwaka 1940. Cha ajabu zaidi ni michoro yake: Elisi amechorwa binti wa Kiafrika. Mwaka 1940, nakwambia! Miaka 75 baadaye, mwaka 2015, Ida Hadjivayanis akatoa tafsiri mpya kabisa, Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu. Ningekipata kimojawapo nikiwa na miaka kumi, Babu angenitafuta na kandili asinione.

Kitabu alichokiheshimu kuliko vyote sandukuni kilikuwa Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, cha mwaka 1952. Sababu yake ya kwanza haikuwa ya kifasihi hata kidogo. Shaaban Robert aliingia kazini mwaka 1926 akiwa karani wa forodha, na Babu alikuwa hachoki kusema, "Karani mwenzangu." Kisa chenyewe unakikumbuka: mjumbe wa mfalme anakwenda kukusanya kodi, usiku anamchungulia mwenyeji wake Adili, mtu mpole anayesifiwa na nchi nzima, anamkuta anawachapa manyani wawili kwa mjeledi, halafu analia, halafu anawalisha. Kwa nini? Hapo mtoto gani atalala?

Huku kwetu Kibaha na Kisarawe nyani hana rafiki. Anakula mahindi ya watu mchana kweupe na kukutolea meno. Kwa hiyo usiku wa kwanza mimi nilimshangilia Adili kwa moyo wote, chapa hao! Usiku wa pili, nilipojua manyani wale ni nani, nilinyamaza. Baadaye sana niligundua kwamba Shaaban Robert aliichota mbegu ya kisa hiki kwenye Alfu Lela Ulela, ila kule ndugu waliolaaniwa ni mbwa. Yeye akawafanya manyani. Sijasoma popote sababu yake, lakini nina yangu: mbwa akichapwa unamhurumia, nyani akichapwa unajiona mwenyewe, kwa sababu ana mikono kama yako.

Haya, sasa tufike kwa mwenyewe. Mzimu wa Watu wa Kale.

Muhammed Said Abdulla alizaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918. Kwa miaka kumi alikuwa mkaguzi wa afya. Halafu akaingia uandishi wa habari, mwaka 1948 akawa mhariri wa gazeti la Zanzibari, na kuanzia 1958 alihariri jarida la Mkulima mpaka alipostaafu mwaka 1968. Kwa hiyo, kama Babu alivyokuwa na karani mwenzake, na mimi ninaye mwandishi wa habari mwenzangu. East African Literature Bureau, lile shirika la vitabu ambalo serikali za kikoloni za Kenya, Uganda na Tanganyika zililianzisha baada ya Vita ya Pili, liliitisha shindano la kuandika hadithi mwaka 1957 hadi 1958. Bwana mkubwa huyu akashinda, kitabu kikatoka mwaka 1960. Mwaka huohuo likatoa pia Kurwa na Doto cha Muhammed Saleh Farsy, kuhusu pacha wawili wa kijiji cha Unguja. Riwaya ya upelelezi kwa Kiswahili inahesabiwa kuanzia hapo, na miaka mitano baadaye akaja Faraji Katalambulla na Simu ya Kifo.

Kwenye Mzimu maiti inakutwa mahali pa matambiko. Kila mtu anajua nani kaua: mzimu. Watu wanaogopa, wanasaidiana kuogopa. Halafu anakuja Bwana Msa na kiko chake na rafiki yake Najum, na yeye haogopi, anauliza tu. Wewe ulikuwa wapi? Nani alikuona? Sikwambii uzuri wa kitabu hicho kwa mtoto wa mahali ambapo kila mbuyu ulikuwa na mwenyewe asiyeonekana. Kwetu kulikuwa na mti mmoja njia ya kisimani, tunaupita mbio jioni. Baada ya Bwana Msa nikaanza kuupita natembea. Naogopa, lakini natembea. Wanaoniuliza nilijifunzia wapi uandishi wa habari huwa nataja chuo, kwa adabu. Kwa kweli ni pale.

Sasa tatizo. Nakala ya Babu ilikuwa haina mwisho. Kurasa kama kumi za mwisho hazipo, zimeng'oka pamoja na jalada la nyuma. Babu alisema ni mvua za El Niño za mwaka 1998, bati lilivuja, sanduku likaota ukungu, mchwa wakamalizia. Nilipofika pale karatasi zilipoishia nilitaka kulia. Babu akacheka. "Soma unayoyaona, mke wangu. Yaliyobaki ninayo mimi hapa," akagonga kichwa.

Alinisimulia mwisho ule kwa siku tatu. Ulikuwa mwisho mkubwa. Bwana Msa anawakusanya watu wote, anawasha kiko, anamgeukia mmoja mmoja, na Babu anabadilisha sauti kwa kila mtu. Muuaji alipotajwa nilipiga ukelele, Bibi akatoka nje kuuliza kama kuna nyoka. Kesho yake nikausimulia chini ya mwembe, na watoto wenzangu nao wakapiga ukelele. Ulisambaa Kongowe nzima, naweza kusema, mpaka kwa watoto wa Misugusugu.

Wakati Babu akinilisha vya sandukuni, mjomba wangu aliniharibu kwa upande mwingine. Alikuwa utingo wa malori, na kila akirudi kutoka Ubungo alikuwa na kitabu kimekunjwa mfuko wa nyuma, chenye jalada la bastola na mwanamke. Mama aliviita vitabu vya kihuni na aliapa atavikokea moto. Nilivisoma vyote, nyuma ya banda la kuku. Kufa na Kupona cha Elvis Musiba, cha mwaka 1974. Kikosi cha Kisasi, cha mwaka 1979. Willy Gamba! Anavaa vizuri, anapiga, anapigwa, anapendwa. Mtoto hatakiwi kusoma mambo yale, Mama alikuwa na haki yake, sibishi.

Lakini angalia Willy Gamba anapigania nini. Makao makuu ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika yalikuwa Dar es Salaam tangu mwaka 1963, na wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika walipita hapo. Musiba aliwachukua majasusi wa makaburu akawaingiza kwenye riwaya ya mfukoni. Kwa hiyo mimi, nyuma ya banda la kuku, nilijua kwamba kuna siri za ukombozi na kuna watu wanaziiba kabla mwalimu wa Historia hajafungua mdomo. Na nilikuwa upande unaostahili safari hii! Nikilinganisha na zile almasi za Mfalme Sulemani naona kama nilihamishwa kambi na utingo. Musiba mwenyewe baadaye alikuwa mfanyabiashara na rais wa chama cha wenye biashara, viwanda na kilimo, akafariki mwaka 2010. Ben Mtobwa, baba yake Joram Kiango, alikuwa ameshatangulia Novemba 2008. Mimi nilikuwa nampenda Joram kidogo kuliko Willy, kwa sababu anafikiri zaidi, lakini mjomba hakutaka kulisikia hilo.

Dada yangu naye alikuwa na chake chini ya godoro: Rosa Mistika cha Euphrase Kezilahabi. Kilipotoka mwaka 1971 kilizua kelele mpaka kikapigwa marufuku mashuleni, kwa sababu kilisema wazi yanayompata msichana aliyelelewa kwa fimbo bila kuambiwa kitu. Miaka ikapita, kikarudi shuleni kikiwa kitabu cha kufundishia. Dada alikisoma kikiwa halali kabisa, na bado alikificha. Nilipomuuliza kwa nini, alisema, "Kikisomwa mezani hakina ladha." Hapo alisema kweli tupu.

Nilipoingia sekondari nikapanda ngazi. Siku za Jumamosi nilipewa nauli ya kwenda maktaba ya Shirika la Elimu Kibaha. Mnaotoka mikoa mingine pengine hamjui bahati tuliyokuwa nayo watu wa Kibaha. Nchi za Nordik na Tanganyika zilianzisha kituo pale mwanzoni mwa miaka ya 1960, sekondari, afya, kilimo, vyote mahali pamoja, na mwaka 1970 kikakabidhiwa kwa Tanzania kikawa shirika. Maktaba ilikuwemo. Nilipoingia mara ya kwanza nilinusa harufu ya karatasi nyingi zilizokaa pamoja, nikadhani ni sanduku la Babu limekuzwa.

Pale ndipo nilipokutana na Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotoka Kenya mwaka 1996. Kijana wa Tanga anakwenda Kenya kumtafuta baba yake, na anajiita Kongowea Mswahili. Mimi niliposoma haraka nikaona "Kongowe", nikaruka! Mtu wa kwetu kaingia kitabuni! Ilinichukua kurasa kadhaa kukubali kwamba Kongowea ni ya Mombasa. Haikunipunguzia mapenzi. Walibora alipofariki Nairobi Aprili 2020 nilikaa kimya siku nzima kama nimefiwa na jirani.

Lakini hata pale, vile vitabu vya zamani vya sandukuni vilikuwa haba, na nimekuja kuelewa sababu baada ya kufuatilia. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka kila mtoto aende shule, na wazee wakaingizwa kwenye elimu ya watu wazima, mpaka takwimu za serikali za mwaka 1986 zikasema wasiojua kusoma wamebaki asilimia 9.6 tu. Wasomaji wakawa tele. Vitabu navyo? Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na ile East African Literature Bureau ikafa nayo. Vitabu vilivyozaliwa pale vikawa kama watoto wa ndoa iliyovunjika, kila mtu anauliza nani alee. Miaka ya 1980 mwanzoni nchi haikuwa na fedha za kigeni, sabuni hakuna, seuze karatasi. Tulifundisha taifa zima kusoma halafu tukakosa cha kulisomesha. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote kwenye historia hii, na sijui kwa nini halizungumzwi.

Vitabu vilivyoandikwa kwa makusudi kwa ajili ya watoto vilikuja kwa wingi baadaye, na msukumo mkubwa ulitokana na Mradi wa Vitabu vya Watoto ulioanza mwaka 1991 kwa msaada wa shirika la CODE la Canada. Ulikuwa unanunua nakala 3,000 za kila kitabu kilichokubaliwa na kuzipeleka mashuleni na maktaba, kwa hiyo mchapishaji hakuogopa hasara. Kwa njia za namna hiyo tukapata waandishi kama Elieshi Lema na Safari ya Prospa yake. Edwin Semzaba, yule wa Ngoswe, akatuandikia Marimba ya Majaliwa mwaka 2008. Na Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya uandishi bunifu, iliyoanza kutolewa mwaka 2023, baadaye ikaongeza kipengele cha hadithi za watoto. Kwa hiyo vitabu vipo, tena vizuri. Kutoka kwenye tuzo hadi barazani Kongowe ndiko kwenye mbuga ya kuvuka, na huko hakuna utingo.

Babu alifariki mwaka 2009. Mwaka 2013, nikiwa chuoni, niliona Mzimu wa Watu wa Kale kwa muuza vitabu vya mitumba aliyetandika turubai pembeni mwa barabara mjini. Kizima, kina mgongo, kina jalada. Nilinunua bila kupatana bei, jambo ambalo sijawahi kulifanya kabla wala baada. Nikakaa kwenye daladala nikafungua nyuma moja kwa moja, nisikie tena mwisho wa Babu.

Haukuwemo.

Muuaji ni mwingine. Hakuna hata kinachofanana. Nilisoma mara mbili nikidhani nimeruka ukurasa. Wiki ile nikaenda Kongowe, nikamwambia Bibi kwamba Babu alikuwa amesahau mwisho wa kitabu chake. Bibi alikuwa anachambua mchele, hakuinua kichwa. "Hakusahau. Hakuwahi kuujua." Kumbe El Niño haikuhusika kabisa. Babu alikinunua kitabu kile kikiwa hivyohivyo, kimeng'oka, kwa senti chache, mwaka ambao Bibi alijifungua baba yangu. Alikisoma mpaka karatasi zikaisha, halafu akakaa miaka zaidi ya arobaini akijiuliza nani aliyeua. Ule mwisho wa siku tatu aliutunga kwa ajili yangu, pengine usiku uleule.

Sikiliza sasa kinachonikosesha raha. Jumamosi zile zote nilikuwa ndani ya maktaba. Babu yuko hai, yuko nyumbani, ananisubiri nimsimulie nilichosoma. Huenda kitabu kizima kilikuwa rafu moja au mbili kutoka nilipokaa. Sikuwahi kukiulizia hata siku moja, kwa sababu nilikuwa na uhakika kwamba mwisho wake tunao.

Jumapili hii iliyopita nilirudi Kongowe na ile nakala ya turubai. Nikampa binti wa kaka yangu, nikamwambia kazi yake ni kumsomea Bibi, mshahara ni korosho. Aliguna kwanza, akaangalia unene. Alianza saa kumi jioni, na umeme siku hizi upo, kwa hiyo hakukuwa na kisingizio cha kandili. Kwenye ukurasa wa maiti aliacha kuguna. Wamesoma kila jioni, na kwenye kurasa zile kumi za mwisho kaka yangu alinipigia simu niwasikilize. Nikasikia sauti ya mtoto inasoma haraka haraka, inajikwaa, Bibi anamwambia pole pole. Muuaji akatajwa. Kimya.

"Bibi, umesikia?"

"Nimesikia," Bibi akasema. "Wa babu yako alikuwa mbaya zaidi. Huyu hata hatishi."

Sasa wanataka Kisima cha Giningi, na wameniambia wanaanza wiki ijayo, kana kwamba ninacho. Mwenye nacho naomba aniazime. Nitakirudisha na kurasa zake zote.